Kigoda Kilichochongewa Mlima

Someni hadi mwisho. Haichukui hata muda wa sufuria ya maji kuchemka.

Mfalme mmoja aliwahamisha watu wa milimani akawashusha tambarare, karibu na mashamba yake. Aliwapa nyumba nzuri na maji mlangoni. Wengi walizoea. Nakijwa hakuzoea.

Mama huyu alishuka na kigoda chake. Kule kwao kila uwanja ni mteremko, kwa hiyo vigoda huchongwa miguu ya nyuma mifupi, ili mtu akikaa akitazama chini asiporomoke. Huku tambarare kigoda kilikuwa kinamwangusha chali. Nakijwa akatia jiwe chini ya miguu ya nyuma, akakaa hivyo miaka na miaka. Majirani walimcheka kwamba anasubiri ardhi inyanyuke.

Siku moja mfalme alipita, akaliona lile jiwe.

"Mama, si ukate miguu ya mbele ilingane na ya nyuma?"

"Nikiikata, mfalme, siku nikirudi kwetu nitakalia nini?"

Mfalme alichukia. Akamwambia basi aende, leo hii, ila akishavuka mto wa mpakani asikanyage tena huku, yeye wala kizazi chake. Alidhani ataombwa radhi. Nakijwa aliingia ndani kufunga mizigo.

Binti yake Namkunda, aliyezaliwa tambarare, hakuulizwa. Alibeba alichoambiwa, na juu ya mzigo akaweka kigoda chake mwenyewe, cha miguu sawa.

Walivuka mto, wakapanda mpaka kwenye uwanja wao wa zamani, umejaa magugu. Nakijwa akatua kigoda. Kikatulia. Akaketi bila jiwe, akashusha pumzi.

Namkunda naye akaketi kwenye chake. Kikamtupa mbele, akaanguka kifudifudi.

Mama akacheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi. Akachukua panga, akamwambia alete hicho kigoda wapunguze miguu ya nyuma, ni kazi ndogo tu.

Msichana hakucheka. Alitafuta jiwe, akaliweka chini ya miguu ya mbele, akaketi akitazama tambarare kule chini.

"Usikikate, mama. Siku nikirudi kwetu nitakalia nini?"

Nakijwa aliukumbuka mto, na katazo la mfalme. Akaliweka panga chini.

Funzo: Mtoto hulelewa na ardhi anayoikanyaga, si ile unayomsimulia. Kabla hujampeleka kwenu, muulize kwao ni wapi, na ujiulize kama njia ya kurudi bado ipo.