Mnada wa Liwali Hilali

Hapo zamani, katika mji wa Tundani, aliondokea tajiri mmoja muuza samli, jina lake Hilali bin Rubea. Alianza na kibuyu kimoja akikitembeza mlango kwa mlango, ikawa baada ya miaka ishirini hakuna jiko lililopika mjini bila samli yake. Mali ikamjaa, majumba yakamjaa, akabakiwa na njaa moja tu, nayo ni kuitwa Mheshimiwa. Basi liwali wa mji alipofariki, na Sultani yuko mbali amewaachia watu wachague wenyewe, Hilali akachinja ng'ombe, akapika pilau siku saba, kisha akapanda juu ya pipa akasema, "Enyi watu wa Tundani, mimi nimeshiba, sina haja ya kuiba. Nipeni mji huu niuendeshe kama ninavyoendesha duka langu."

Watu, midomo ikimeremeta mafuta, wakaitikia, "Tumekupa!"

Naye akatimiza neno lake, maana aliuendesha kama duka kwelikweli. Mwezi wa kwanza alitangaza kwamba kisima cha mji kinaleta hasara, akakitia mnadani. Aliyekinunua ni karani wake mwenyewe, kwa bei ya mbuzi mgonjwa. Mwezi wa pili kivuko cha mtoni kikaenda njia hiyo hiyo, na mwezi wa tatu soko. Ikawa mwanamke akiteka maji hulipa, akivuka mto hulipa, akitua ungo wake wa mchicha sokoni hulipa, na malipo yote huishia dukani kwa Hilali, maana karani alikuwa mwenye mali kwa jina tu.

Mwenye kunadi mali hizo alikuwa dalali mmoja fukara, jina lake Mshangama, ambaye duniani alikuwa na mke, kanzu moja na kengele. Watu walimdhania punguani, kwa kuwa akiambiwa jambo hulifanya vilevile lilivyotamkwa. Siku ya kuuzwa soko aliambiwa atangaze kweli tupu, basi akanadi, "Njooni mtazame soko lenu likiuzwa! Bei yake anaijua mnunuzi!" Watu wakacheka hata karani akaona haya. Habari zikamfikia liwali, akaghadhibika, akamwita barazani.

"Ewe Mshangama," akamwambia, "ulimi wako umekuwa mrefu. Ijumaa hii, kabla ya adhana ya adhuhuri, utanadi mali yote ya mji iliyobaki, usisaze hata kitu kimoja. Ukisaza, utaondoka Tundani usirudi tena."

"Nasikia na kutii, bwana. Na mtu akija kuuzuia mnada?"

"Atakayeuzuia, na awe nani, ataondoka yeye!" Akaandika hayo, akapiga muhuri, waraka akampa Kadhi Nurdini auhifadhi.

Mkewe Mshangama aliposikia alianza kufunga virago huku analia. "Mume wangu, mji una vichochoro, una makaburi, una mitaro. Asubuhi moja utauza mpaka changarawe za njiani?"

"Sijui, mke wangu," akajibu. "Nitaanza na kitakachokuwa mbele ya macho yangu."

Ijumaa ikafika, uwanja ukajaa. Liwali naye akaja kutazama fukara akifukuzwa, akakaa kitini juu ya jukwaa. Lakini alipoona umati namna ile hakuweza kujizuia, akainuka kuhutubu. "Ndugu zangu, wako wanaosema najitajirisha. Uzushi! Mimi sina changu. Mimi, tangu utosini hadi unyayoni, ni mali ya mji!"

Makarani wakapiga makofi. Mshangama akapiga kengele.

"Mmesikia wenyewe! Mali ya mji, tangu utosini hadi unyayoni! Liwali mmoja, katumika miezi mitatu tu! Nani atatoa bei?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Akajitokeza mchukuzi mwenye punda, akamzunguka liwali, akamkagua. "Anabeba mzigo?"

"Habebi, hubebesha."

"Na chakula chake?"

"Amekula kisima, kivuko na soko, na bado hajaacha kutafuna."

Mchukuzi akatikisa kichwa, akarudi kwa punda wake. Akasimama Bi Mwanamvua, mjane muuza mchicha. "Mimi natoa mafungu mawili ya mchicha. Nyumbani nina kinu, nataka mtu wa kunitwangia."

"Mafungu mawili, mara ya kwanza!"

Liwali akaruka. "Komesheni wazimu huu!"

Kadhi akakunjua waraka. "Bwana, imeandikwa: atakayeuzuia mnada, na awe nani, ataondoka Tundani. Na muhuri ni wako."

"Mafungu mawili, mara ya pili!" Mshangama akanadi, na Bi Mwanamvua akaanza kukunja mikono ya buibui lake aje achukue mali yake. Jasho likamtiririka liwali mpaka ndevuni.

"Najinunua mwenyewe!" akapiga kelele. "Natoa majora kumi ya hariri!"

Mshangama akawageukia watu. "Wenye mali ni ninyi. Mwataka hariri?"

"Hatutaki! Kisima!"

"Na kivuko!"

"Na soko letu!"

"Na mimi naongeza fungu la tatu," akasema Bi Mwanamvua.

Liwali akatazama huku, akatazama huku, hakuona mlango. Akatoa kisima, akatoa kivuko, akatoa soko. Kadhi akaandika, kengele ikalia mara ya tatu, na papo hapo adhana ikaadhiniwa.

"Haya!" Hilali akafoka. "Adhuhuri imeingia na amesaza mali! Amri yangu itekelezwe, aondoke!"

"Amri ya nani?" akauliza Kadhi. "Umesema liwali ni mali ya mji. Wewe umejinunua, na aliyejinunua ni mali yake mwenyewe. Mji hauna liwali, na amri haina mwenyewe. Nenda dukani kwako, bwana Hilali, samli inakungoja."

Hilali akashuka jukwaani kilemba kimemlegea. Alipofika mbele ya dalali akasimama. "Umenipunja, Mshangama. Kisima, kivuko na soko, kwa mtu mmoja!"

Mshangama akainamisha kichwa kwa adabu. "Kweli bwana, bei ilikuwa ghali mno. Lakini mnunuzi ulikuwa wewe, na bidhaa hiyo uliijua kuliko sisi sote."