Kuku Mmoja, Shibiri Moja

Palikuwa na sultani, Jabu bin Mwidani, aliyezipenda asumini zake kuliko raia zake. Jumatatu moja akakuta kuku wake arobaini wameipekua bustani yote, mizizi iko juu. Alinuna mpaka chakula cha mchana kikapoa. Kisha akaamuru kuku wote wahamishiwe kwa Bi Kazija, mjane aliyekaa nyuma ya ukuta wa bustani, mwenye banda la kuku sita na ulimi wa watu kumi.

Bi Kazija alieleza kwamba kuku anataka dhiraa mbili tatu za kugeukia na uwanja wa kupekua, la sivyo watadonoana. Sultani akacheka. Yeye alikwisha kupima: kuku mmoja, shibiri moja, banda lina shibiri arobaini, basi wanaenea. Akatoa na sharti. Ijumaa atakuja mwenyewe, na akimwona hata mmoja amenyonyoka, nyumba ya mjane itabomolewa zipandwe asumini.

Ijumaa ikafika, mlango ukafunguliwa. Jamani, kuku wa kwanza hana mkia. Wa pili shingo tupu. Wa tatu alitoka kinyumenyume kwa aibu. Wake wanne wa Sultani walikuwa wakichungulia dirishani kwao juu, na wabomoaji wamesimama na sururu tayari. Bi Kazija hakuwa na nyumba nyingine duniani. Ila ulimi alikuwa nao.

"Maulana, jumba lako lina vyumba vingapi?"

"Sitini."

"Na wake?"

"Wanne."

"Wanakaa chumba kimoja?"

"Una wazimu wewe? Kila mmoja ana upande wake. Ramadhani walikutana jikoni nusu saa tu, tukanunua vyombo vipya."

"Waligombania nini?"

"Nani anipakulie futari."

"Na mume ni wewe peke yako?"

"Peke yangu."

"Hawa wako arobaini, Maulana, chumba kimoja, siku tano, na jogoo ni mmoja. Tangu jana yuko juu ya paa, hataki kushuka."

Kule dirishani wake wanne wakaangua kicheko kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika jumba lile. Askari wakauma midomo. Sultani akaona akibomoa nyumba ile leo, atachekwa kila chumba mwaka mzima. Akawaamuru wabomoaji waugeukie ukuta wa bustani, kuku wapewe dhiraa zao, asumini zisogezwe. Bi Kazija akashukuru, machozi yakimlengalenga.

Sultani akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Niambie kweli, Bi Kazija. Umethubutu kuwafananisha wake zangu na kuku?"

"Hasha, Maulana. Wale ni mabibi wa heshima. Mimi nilikuwa nikimzungumzia jogoo tu."