Zamu ya Mshika Gogo

Mama mmoja alikuwa na majaruba sita ya vitunguu, na vitunguu hivyo ndivyo vilikuwa karo, ndivyo vilikuwa bati za nyumba, ndivyo vilikuwa kila kitu. Jina lake Nankondo. Shamba lake lilikuwa chini kabisa ya mteremko, huko ambako maji yakifika yameshachoka. Juu ya kijiji kulikuwa na ndiva, bwawa la mawe na udongo walilojenga babu zao. Maji ya kijito yanakusanyika humo, likizibuliwa yanashuka kwa mfereji, shamba hadi shamba.

Zamani kila mtu alizibua anapojisikia. Uhuru ulikuwepo, tena wa kumwaga! Wa juu alimwagilia mpaka kambare wakataga kwenye mahindi yake, wa chini akapata tope la kunawia. Watu walipasuana vichwa kwa majembe mpaka kijiji kizima hakuna aliyekaliwa sawa na kofia. Msinibishie, mimi mwenyewe nina kovu linaloonekana kutoka wilaya ya pili.

Wakachoka. Wakamchagua Mzee Kajiru, mtu wa haki, wakampa gogo la kuzibia ndiva. Wakamwambia: utazibua wewe peke yako, kila shamba na zamu yake, kila baada ya siku nane. Na kweli, mwaka huo Nankondo wa chini alipata maji sawasawa na tajiri wa juu. Walimsifu Kajiru mpaka akanenepa bila kula.

Ila miaka kumi na miwili ikapita, na dunia haikukaa pale pale. Barabara ikafika, malori yakaja, watu wakaacha mahindi wakapanda vitunguu. Mahindi yanavumilia siku nane; kitunguu siku ya tano kinalala kama mgonjwa. Wakamwendea Kajiru awapangie upya. Akasema zamu ni zamu. Aliyenung'unika akasogezwa mwisho wa orodha. Kisha akakataza watu kukusanyika mferejini bila yeye kuwepo. Kisha akakataza kupanda chochote kisichokuwa mahindi, maana orodha yake ilikuwa ya mahindi. Angalieni hapo: alipewa maji, akajikuta anaamua mpaka mtu apike nini. Na hakuwa mwizi, hata tone hakuiba. Aliyaogopa tu yale majembe ya zamani, na woga wake ukawa sheria.

Siku ya sita ya kungoja zamu, jua liliwaka la kuchemshia uji kiganjani. Vitunguu vya Nankondo, alivyopanda kabla ya katazo, vikaanza kulala. Vijana wakapanda ndivani na mitaimbo, wanapiga kelele, "Tunabomoa ukuta! Kila mtu na maji yake!" Wazee nao wanafoka, "Mmesahau damu nyie?" Kajiru amekaa juu ya gogo lake kama kuku anayeatamia. Nankondo akapita katikati yao, pumzi juu juu, akasema:

"Wanangu, wekeni mitaimbo chini. Ukuta huo ukipasuka, mafuriko yote yataishia kwangu huko chini. Na wewe Mzee Kajiru, inuka. Hilo gogo tulikupa, hukuzaliwa nalo."

Ndipo wakaliona kosa lao, kosa kubwa kuliko mlima wenyewe. Kila shamba lilikuwa na zamu, hata mbuzi walikuwa na zamu ya kunywa; mshika gogo peke yake ndiye hawakumpangia. Walimkabidhi, wakaenda zao kulima.

Kajiru akainuka. Taratibu, goti moja kwanza. Gogo likang'olewa, maji yakashuka. Majaruba matatu ya Nankondo yakapona, matatu yalikuwa yameshakufa, na hakuna aliyeweza kumrudishia. Ukuta wakauacha. Gogo likawa linabadili mikono kila baada ya mavuno, mbele ya watu wote, na orodha ikapangwa na wale wanaolima. Wanagombana bado, tena wanagombana mpaka ndege wanahama, lakini kwa midomo.

Sasa nyie mnaonisikiliza mkitikisa vichwa: huyo wenu mliyemweka awaamulie, mlimwambia atainuka lini?