Spika za Kuazima

Waliosema kila ndege huruka kwa bawa lake walimaanisha kwamba kila kiumbe kina uwezo wake, na kukilazimishia uwezo wa jirani ni kukidhulumu. Spika hawakuzijua. Lakini wangezisikia zile za kanisa la Manibe, nje kidogo ya mji wa Arua, wangeitunga methali hiyo mara ya pili.

Driciru, mpiga kinanda, alikuwa ameweka kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa programu yenye sauti za kinanda cha mabomba, kile kikubwa kinachojaza ukuta mzima. Mchungaji Kenneth alimpa sharti moja: kisipoimba sawasawa Jumapili ya mavuno, kompyuta inarudi ofisini kuandika matangazo. Spika zilikuwa za kuazima. Asuman, mpiga muziki wa harusi kutoka Koboko, alileta mbili kubwa kama makabati. Mama Concy alitoa vijispika vya saluni yake. Ili asimvunjie mtu heshima, Driciru aligawa kama wali wa msibani: kila spika ikapata sauti zote.

Jumamosi kwenye mazoezi, vijispika vilikoroma kama vyura, na makabati yakanguruma hata maneno ya wimbo yakazama. Asuman akajishika kiuno.

"Mwalimu, hii kinanda yako iko na homa, ama imekula muhogo mbichi?"

Kwaya ikaangua kicheko. Driciru naye alicheka. Wengine wakamshauri aongeze sauti, lakini yeye udadisi ulimwasha kuliko aibu. Aliikandamiza noti nene kuliko zote kwa kitabu cha nyimbo, akaenda spika hadi spika akitega sikio. Kijispika cha Mama Concy alipokigusa, kilikuwa kikitetemeka kama kuku mwenye kideri.

Nje, mzee Anguyo wa kwaya alikuwa akikaza nyuzi za adungu yake ndogo, kinubi cha kienyeji, kando ya mwenzake aliyekumbatia adungu kubwa kama mtumbwi. Driciru akamwuliza kwa nini hiyo ndogo haipigi sauti nene.

"Ukilegeza uzi mpaka huko, haiimbi tena, binti yangu. Inalia parapara tu," akajibu. "Sauti nene iko na mwenyewe."

Driciru akarudi ndani mbio. Programu iliruhusu kila kundi la mabomba kutumwa kwenye spika yake. Yeye alikuwa ameogopa lawama tu. Sauti nene akazipeleka kwenye makabati, filimbi nyembamba kwenye vijispika. Asuman akanuna.

"Kwa hiyo spika zangu zimetoka Koboko kuja kuguna tu?"

"Zigune, kaka. Kesho utasikia nani anabeba nyumba."

Jumapili, ubeti wa kwanza, filimbi zilipaa peke yake, safi kama maji ya chemchemi, na Mama Concy akainua kidevu utadhani anaimba yeye. Ubeti wa mwisho, mabomba manene yakaingia kwa chini na mabenchi yakatetemeka. Asuman, Mwislamu aliyesimama mlangoni kulinda mali yake, aliweka kiganja kifuani, pale mngurumo wa spika zake ulipompiga.

Mchungaji Kenneth akapanda mimbarani na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

"Mtanisamehe mwandiko," akasema. "Kompyuta imepata kazi nyingine."

Wala hakuna mwenye spika aliyelalamika kwamba amepunjwa. Kila ndege huruka kwa bawa lake.