Kiti cha Fidla ya Pili

Wapendwa, nawaomba tutoke kidogo humu kanisani, nanyi mnifuate kwa mfano mmoja hadi kwenye tamasha la muziki. Si la kwaya, wala bendi ya harusi. Ni tamasha la ule muziki unaosomwa kwenye karatasi na kupigwa na watu wachache katika ukumbi mdogo, hakuna spika wala mtu wa kusimama mbele akiongoza kwa fimbo. Kila mpigaji anamsikiliza mwenzake, basi. Asiyesikia hana pa kushika.

Katika tamasha hilo, lililofanyika kila mwaka kwenye mji mmoja wa baridi kule milimani, kundi lililopendwa kuliko yote lilikuwa la watu wanne. Aliyeliongoza alikuwa Elinihaki, mpiga fidla ya kwanza. Kiti cha pembeni yake kilikuwa cha Shemboza, fidla ya pili. Kisha palikuwa na bwana mmoja mkimya wa fidla nene, na dada aitwaye Nakundwa aliyepiga selo, ile kubwa inayoshikwa kwa magoti. Walikuwa pamoja miaka ishirini na miwili. Walianza wakiwa walimu wa muziki shuleni, wakifanya mazoezi darasani wanafunzi wakishaondoka, mpaka wakafika kualikwa nchi za mbali. Picha iliyobandikwa kwenye matangazo ilikuwa ya Elinihaki, amefumba macho, kidevu juu ya fidla. Watu walipenda anavyofumba macho. Walisema huyu anapiga kwa roho.

Sasa Elinihaki alikuwa na kero moja, na kero yenyewe ilikuwa Shemboza. Kwa muda wa miaka kama mitatu jamaa alikuwa ameanza tabia. Wakiwa jukwaani, Shemboza alimwegemea bega. Mara ncha ya kiatu chake iligonga mguu wa kiti cha Elinihaki. Alikanywa, akaomba radhi, akarudia. Alikanywa tena mbele ya wenzake, akainamisha kichwa, na onyesho lililofuata akarudia vilevile.

Mwaka huo walikuja wageni kuchagua kundi la kwenda kuzunguka nchi saba. Siku tano kabla ya onyesho, Elinihaki alimwita Shemboza nje ya chumba cha mazoezi.

"Ndugu yangu, umezeeka vibaya," alimwambia. "Unanipigia kiti mateke kama mtoto aliyechoka ibada. Nimeshapata mtu mwingine. Pumzika."

Shemboza akauliza kitu kimoja tu: huyo mtu mwingine atakaa upande gani? Elinihaki akajibu kwamba atakaa pale pale, na kwamba hilo halimhusu tena. Shemboza akafunga fidla yake kwenye mkoba, akaenda nyumba ya wageni alikofikia.

Nakundwa aliposikia alikuja mbio akataka kusema jambo. Elinihaki akamkata. Akasema kama ana la kumtetea Shemboza, basi aende naye. Nakundwa akanyamaza. Naomba mkumbuke kwamba alinyamaza kwa hofu, kama mimi na wewe tunavyonyamaza kila juma.

Mpigaji mpya alikuwa mama mmoja hodari, amesoma ng'ambo, vidole vyake vyepesi. Kwenye mazoezi mambo hayakukaa sawa. Elinihaki alichelewa hapa, akawahi pale, na kila mara alisema mgeni hajawazoea. Nani angembishia? Ndiye aliyekuwa kwenye picha.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama milangoni, na wale wageni wa nchi saba wakakaa mstari wa mbele. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kasi na kelele, ikapita salama. Ikaja ya pili, ya polepole. Katikati ya sehemu hiyo wote wanne wananyamaza kabisa. Halafu selo na fidla ya pili zinaanza tena kwa sauti ndogo sana, na fidla ya kwanza inaingia juu yake. Elinihaki alifumba macho, akangoja.

Selo ilianza. Fidla ya pili ikaanza. Elinihaki akaendelea kungoja. Nakundwa alirudia mistari ile mara ya pili, akimtazama. Ghafla Elinihaki akaingia, lakini aliingia mahali pengine kabisa. Wakamkimbilia, wakamkosa. Mgeni akaacha kupiga, yule bwana mkimya akaacha, mwisho Nakundwa naye akainua upinde wake kutoka kwenye nyuzi. Elinihaki akabaki anapiga peke yake, macho amefumba, anatabasamu. Alipiga hivyo dakika tatu nzima. Akamaliza, akashusha fidla, akangoja makofi.

Alipofumbua macho aliona pinde tatu zimelala mapajani. Aliona watu mia tatu wanamkodolea macho. Mama mmoja mstari wa mbele alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili.

Elinihaki hakujua alivyofika nyuma ya jukwaa. Anachokumbuka ni kwamba aliwauliza wenzake kwa hasira kwa nini wamemwacha aaibike peke yake mbele za watu.

Nakundwa alisogea mpaka uso wake ukawa karibu na wa Elinihaki, akasema taratibu, "Hatukukuacha, kaka. Nilikuita. Nimekuita kwa jina lako mara mbili, pale pale jukwaani. Ukumbi mzima umenisikia."

Elinihaki hakuwa amesikia chochote. Alikaa juu ya sanduku la selo. Akauliza ni tangu lini. Nakundwa akamwambia huu ni mwaka wa tatu. Shemboza ndiye aliyegundua kwanza. Aliona sauti ndogo zinampotea mwenzake, naye mwenyewe hajui, anadhani ni watu wa siku hizi wanaosema kwa kunong'ona. Ndipo akaanza kumwegemea bega ili ajue wengine wameanza, na kumgusia kiti kwa kiatu kila anapotakiwa kuingia. Aliwaapisha wenzake wasiseme, kwa sababu Elinihaki akijua ataweka fidla chini siku hiyo hiyo. Na kumbe katika miaka hiyo mitatu Shemboza aliitwa mara mbili kwenda kuongoza kundi lake mwenyewe, akae kiti cha fidla ya kwanza, picha yake ibandikwe. Mara zote mbili alikataa. Aliwaambia, nikiondoka nani atamgusa?

Je, walikosea kumficha? Labda. Hilo tutaulizana siku nyingine. Leo tumwangalie huyu aliyekaa juu ya sanduku, anayajumlisha maonyesho ya miaka mitatu, makofi yote, maua yote, na katika kila onyesho anakiona kile kiatu alichokitukana.

Asubuhi alikwenda nyumba ya wageni. Alimkuta Shemboza amesimama dirishani, begi limefungwa. Elinihaki alipiga magoti, mtu mzima yule, akaomba msamaha kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Shemboza alijibu akiwa bado ametazama nje. Alijibu kwa kirefu, mabega yanapanda na kushuka. Na Elinihaki hakusikia hata neno. Alilisubiri neno hilo usiku kucha, likapita juu ya kichwa chake.

"Nigeukie," aliomba. "Tafadhali. Nigeukie ndipo useme."

Shemboza akageuka. Macho yalikuwa mekundu. Akasema polepole, midomo yake ikionekana vizuri, "Nimekusamehe, kaka. Lakini sirudi."

Juzi yake alikuwa amepigiwa simu kwa mara ya tatu akaongoze kundi lake, na safari hii alikubali.

Wapendwa, mlitaka arudi, sivyo? Naona nyuso zenu. Mimi pia nilitaka. Tumezoea kudhani kwamba tukisamehewa tunarudishiwa kila kitu, kama nguo kutoka kwa fundi. Elinihaki alisamehewa kweli, moyo wote. Na hakupanda tena jukwaani mpaka leo.

Sasa nawauliza, na nijibuni moyoni. Ni nani anayekukera nyumbani kwako? Ni mke anayekuuliza umetoka wapi? Mzee wa kanisa anayekuvuta pembeni kila Jumapili? Mwenzako kazini anayerudia kusoma barua uliyokwisha kuimaliza? Sisi tunamwita huyo mzigo. Tunamtafutia mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Umewahi kumuuliza anafanya hivyo kwa nini? Kumuuliza tu, kwa upole, kabla ya kumfungia mlango?

Kuna jina limekujia kichwani sasa hivi. Wengine mmeinamisha macho, nimewaona. Sitaki mniambie ni nani. Nitasema sala fupi leo, fupi kuliko kawaida, ili umwahi kabla hajaondoka.