Mrithi wa Siku Thelathini na Tisa

Nyeee!

Mmeisikia?
— Tumeisikia!
Niifuate?
— Ifuate, nasi tu nyuma yako!

Sauti hiyo ilitoka usiku katika jumba la Mfalme Simba, kwenye nchi ya baridi ng'ambo ya maji, zamani za wafalme waliovaa kola zilizokunjwakunjwa, pana kama sinia. Simba alikuwa mzee, macho hayaoni vizuri. Alikuwa ameoa wake sita, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mtoto wa kiume. Hakupata. Mwaka ukiisha hivyo, kiti kingekwenda kwa waziri wake, Fisi. Naye Fisi alikwisha kuapa: "Siku nitakayotawala, nafungua kinywa kwa supu ya panya. Ukoo mzima!"

Ndiyo maana usiku ule Bi Panya, mkunga wa jumba, aliingia chumbani kwa malkia wa sita na filimbi ya bua. Nyeee! Akatoka mbio.

"Hongera, Mfalme! Dume!"

Lilikuwa boga. Boga la shambani, limeviringishwa hariri kutoka kichwani hadi... boga halina miguu.

"Nimwone mwanangu," akasema Simba.

"Bado arobaini, bwana wangu. Mtoto mchanga haonwi na wanaume, wala jina lake halitajwi, asije akapatwa na kijicho."

"Kweli," akasema Simba. Akapiga ngoma ndu! ndu! ndu!, akacheza hata kola ikamgeukia mgongoni.

Siku ya kumi, mrithi mzima. Siku ya ishirini, mrithi mzima. Siku ya thelathini na nane, mrithi akaanza kulainika ubavuni.

Bi Panya akaenda kwa Fisi. "Bwana mkubwa, nakusihi, usipite karibu na chumba cha mtoto. Kanenepa huyo! Shavu laini, tumbo laini. Kesho adhuhuri walinzi wanakwenda kula, atabaki peke yake. Tafadhali, usipite."

"Mimi? Hata!" akasema Fisi, mate tiririri.

Kesho yake adhuhuri akapita. Nyatu, nyatu, nyatu. Akafumba macho. Kwach! Kwach! Alipoyafumbua, mbegu zimemjaa ndevuni. Akagutuka. Lakini amwambie nani? Atasema amejuaje?

"Mrithi hatunaye tena!" akalia Bi Panya. Jumba zima likalia. Fisi akalia kuwashinda wote, kisha akauliza, "Basi, naketi lini?"

"Sheria, bwana. Anayerithi kiti cha marehemu hali kitu mpaka jina la marehemu litajwe matangani."

"Ndiyo sheria ya babu zangu," akasema Simba.

"Litaje, basi!" Fisi akamwambia Bi Panya, maana mkunga peke yake ndiye aliyelijua.

"Nikitaka kulitaja, kilio kinanikaba. Hiii!"

Siku ya kwanza, tumbo la Fisi: guru. "Wewe Panya, jina!" "Hiii!"

Siku ya tatu: guruguru. "Bi Panya, jina!" "Hiii!"

Neno moja lilimwasha Fisi ulimini, akalimeza. Ndicho kitu pekee alichomeza.

Siku ya saba: guruguruguru-nduu! "Mama yangu mzazi, jina!"

"Na kiti je?"

"Sikitaki!"

"Na supu?"

"Supu gani? Nahama! Navuka mto, nakula mizoga hukohuko. Wewe taja tu!"

Akaapa mbele ya Simba, mkono juu. Bi Panya akapangusa macho yake makavu, akavuta pumzi.

Ngano yangu imelala hapo. Ifunikeni, isishikwe na baridi. Na funzo lake ni hili: wanyonge wasidanganye, maana wenye nguvu hushinda siku zote.

— Na jina?
Jina gani?
— La mrithi! Utatuua na sisi!

Ah. Bi Panya alimtazama Fisi ndevuni, palipobaki mbegu moja, akasema polepole:

"Aliitwa Boga."