Vigelegele vya Mwanza

Mpiga kigelegele halali ndani. Nimeisema methali hii mkacheka, kisha Deo akaniuliza ni ya kabila gani. Si ya kabila lolote. Mnadhani methali zote zilitungwa enzi hizo na wazee wenye mvi waliokosa kazi? Hii ni changa kuliko mdogo wenu wa mwisho, na aliyeitamka kwa mara ya kwanza hupita njia hiyo hapo kila Jumapili. Kaeni basi. Sabina, weka simu chini. Ilianza hivi.

Hapa hapa Tabora, mtaa huu huu, palikuwa na binti akiitwa Kalunde. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Siku hizo kinanda kilikuwa kimeharibika na hakuna aliyejali kukitengeneza, kwa sababu Kalunde alikuwepo. Mwalimu wa kwaya alimtazama tu, yeye akatoa sauti, na wengine wakamfuata. Alikuwa na sikio kali mno. Mtu wa besi akiteleza kidogo kule safu ya nyuma, Kalunde aligeuka akamtazama, na yule mtu akajirekebisha bila kuambiwa neno. Basi msichana huyo aliishi kwa kusikia. Likumbukeni hilo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Leokadia, mwanakwaya mwenzake. Walikua pamoja, wakaazimana vitenge na viatu hadi mama zao hawakujua tena kipi cha nani. Na mwanamume aliyekuwa akimtaka Kalunde aliitwa Mihayo, muuza vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Mihayo alikuwa na maneno matamu, mkono wa kutoa, na akikusalimia huinama mpaka unaona aibu wewe. Hata mimi alinibebea ndoo zangu za maji. Kama mngeniuliza wakati ule, ningewaambia ni kijana wa watu.

Sasa lazima niwaeleze jambo la kuni, maana nyie mnajua jiko la gesi tu. Kwa akina Kalunde, posa ikija, binti haulizwi mbele ya wageni. Wageni huketi sebuleni na baba mtu, na shangazi humchukua binti hadi jikoni, mlango unarudishwa. Huko shangazi huuliza swali moja: "Kuni zikoje?" Binti akitaka, huwasha moto na kupika, na wageni wakiona chakula wanajua wamekubaliwa. Asipotaka husema, "Kuni mbichi." Shangazi hurudi sebuleni na kusema, "Wageni wetu, mtatusamehe, kuni zetu bado mbichi." Wageni hunywa maji, huaga, na mambo yanaishia hapo. Hakuna aliyekataliwa, hakuna aliyeaibishwa. Kesho mnasalimiana sokoni kama kawaida. Wazee waliobuni jambo hilo walijua kwamba kukataa ni kazi ngumu, na msichana anahitaji pa kuifanyia pasipo na macho ya watu.

Pasaka moja kundi la vijana wa kwaya likaamua kwenda Mwanza kutembea. Walitaka kuona ziwa, kula sato, na kupiga picha kwenye yale mawe makubwa. Mihayo hakuwa mwanakwaya, lakini alikuwa rafiki wa wote, basi naye akaenda. Wakapanda treni wakiimba.

Ndani ya treni kijana mmoja wa besi alisema kichekesho, Kalunde akacheka sana hadi akamwegemea bega. Mihayo alikuwa amekaa upande wake wa pili. Akaingiza mkono chini ya kitenge cha Kalunde, akaushika mkono wake pale kwenye kifundo, akaubana. Akaubana huku akiendelea kuzungumza na wenzake na kutabasamu. Alipouachia, alama za vidole zilikuwa zimebaki kwenye ngozi. Na haikuwa mara ya kwanza.

Walipofika Mwanza, Kalunde alimwonyesha Leokadia mkono ule. Walikuwa wakichana nywele katika chumba cha nyumba ya wageni.

"Posa yake ikija," Kalunde akasema, "nitamwambia shangazi kuni mbichi."

Leokadia akacheka. "Hee! Mwanamume ana wivu kwa sababu anakupenda. Ungependa awe hana habari na wewe?"

"Leokadia, mimi namwogopa."

"Kila msichana huogopa. Mimi mwenyewe nitaogopa siku yangu ikifika. Acha deko, mwenzangu, utaachwa."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, wajukuu zangu. Leokadia hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Kalunde kuliko dada zake. Lakini alikuwa anajua siri ambayo Kalunde hakuijua: pete ilikuwa tayari kwenye mfuko wa Mihayo, na kundi zima lilikuwa limeshapanga. Furaha ilikuwa imeshamjaa, na mtu aliyejaa furaha hasikii vizuri. Aliambiwa "naogopa," yeye akasikia "naona haya."

Kesho yake wakaenda kula samaki mahali pamoja kando ya ziwa. Palikuwa pamejaa watu wa sikukuu, familia na watoto wao. Chakula kilipoondolewa, wale vijana wakasimama wakaanza kuimba, na wahudumu wakapiga sinia. Mihayo akapiga goti mchangani. Watu wa meza nyingine wakainuka kusogea, kila mmoja na simu yake juu.

Kalunde akalitazama lile goti. Akautazama mkono wake. Kisha akamtafuta Leokadia kwa macho, akamwona anarekodi, machozi ya furaha yanamtiririka.

"Sema ndiyo! Sema ndiyo!" watu wakapokezana. Watu ambao hawakujua hata jina lake.

Alikuwa anatafuta jiko, mimi ndivyo ninavyosema. Alikuwa anatafuta mlango wa kurudisha, na hapakuwa na mlango, palikuwa na ziwa tu na watu. Mwishowe mama mmoja mnene, mgeni kabisa, akapaza sauti kutoka nyuma: "Binti, usimwaibishe mwanamume wa watu!"

Kalunde akanyoosha kidole. Akacheka pia, maana ukizungukwa na watu wanaocheka uso wako hucheka wenyewe. Leokadia ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, kirefu, na wanawake wote wa pale wakakipokea.

Waliporudi Tabora, zile picha zilikuwa zimetangulia. Mama yake Kalunde alikuwa ameshapongezwa kwenye jumuiya, na baba yake alikuwa ameshashikwa mkono na watu njiani hadi mkono ukachoka. Mshenga alipokuja na posa, ua ulikuwa umejaa wanawake kama siku ya harusi yenyewe. Lakini desturi ni desturi. Shangazi Wande, dada wa baba yake, akamchukua Kalunde hadi jikoni na kurudisha mlango.

"Mwanangu, kuni zikoje?"

Kalunde akakaa kwenye kigoda. "Shangazi, bado naruhusiwa kusema mbichi?"

Nje walikuwa wameshaanza kuimba. Shangazi Wande akachungulia kwenye upenyo wa mlango, akarudi, akachuchumaa mbele yake.

"Amekufanya nini?"

Kalunde akamwonyesha mkono, lakini alama zilikuwa zimeshafutika.

"Ungeniambia hapa kwanza, ningetoka nikawaambia, na ningepigana na baba yako mpaka mwisho," shangazi akasema. "Lakini moto umeshauwasha Mwanza, mwanangu, mbele ya ulimwengu mzima. Mimi nitauzima na nini?"

Wakatazamana. Kalunde akachukua kiberiti. Moshi ulipotoka juu ya paa la jiko, ule ua ulilipuka kwa vigelegele, na Shangazi Wande akalia, na watu wakasema analia kwa furaha.

Ndoa ilifungwa. Ilikuwa nzuri, sitadanganya, tulikula tukashiba. Kisha kila mtu akaenda kwake.

Sitawasimulia yote ya ndani ya nyumba ile. Mihayo aliendelea kuinama akisalimia, na Kalunde akaanza kuvaa mikono mirefu wakati wa joto. Akikawia mazoezini, alipigwa. Akiimba jikoni, aliulizwa anamwimbia nani. Siku moja alikwenda kwa Leokadia, ambaye naye alikuwa ameolewa. Akamweleza. Leokadia alimsikiliza, akamwekea chai, akamwambia avumilie, ndoa ndivyo zilivyo, asubiri apate mtoto, mwanamume atatulia. Kalunde akanywa ile chai, akarudi kwake. Baadaye ndiyo ikaja siku ya kofi. Kofi moja tu, la sikio la kushoto. Daktari alisema kitu ndani kimepasuka na hakitarudi.

Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya alimtazama kama kawaida. Kalunde akatoa sauti, na ile sauti ilikuwa imepinda. Sisi sote tulisikia. Yeye ndiye pekee ambaye hakusikia, mpaka alipoona nyuso za wenzake. Akafunga kitabu cha nyimbo, akakiweka juu ya benchi, akashuka kwenda kukaa nyuma na sisi wazee. Mpaka leo hajaimba. Nikilikumbuka jambo hilo, moyo unaniuma kuliko hata nikikumbuka kofi lenyewe.

Akarudi kwa baba yake. Wazee wa pande mbili wakaitisha kikao barazani kwa huyo baba yake, na sisi majirani tukakaa pembeni kusikiliza. Baba mdogo wa Mihayo ndiye aliyesema sana. Akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza, akawasha zile picha za Mwanza.

"Huyu si wewe?" akauliza. "Unacheka. Umenyoosha kidole mwenyewe. Tuambie, binti, ni nani aliyekulazimisha?"

Simu ikaimba. Vigelegele vikajaa baraza. Kalunde akageuza kichwa, akalielekeza kwenye simu sikio lake la kulia, akasikiliza mpaka mwisho. Leokadia alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango.

"Hakuna aliyenilazimisha, baba mdogo," Kalunde akasema. "Walinipigia vigelegele. Wapigaji wengine nawajua kwa majina, na mmoja wao yuko hapa. Mwulizeni mlio wa lile kofi ulikuwaje. Mwulizeni damu ilitoka sikioni kwa muda gani. Hataweza kuwaambia, kwa sababu hakuwepo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwepo. Mpiga kigelegele halali ndani."

Leokadia akajifunika uso kwa kitenge.

Mngependa niwaambie kwamba wazee walitubu, Mihayo akafukuzwa mjini? Haikuwa hivyo. Wazee walinong'onezana, wakamtoza Mihayo mbuzi, na wakamwambia Kalunde arudi kwa mumewe, kwa kuwa ndoa yenye mashahidi wengi kiasi kile haivunjwi kirahisi. Baba yake mwenyewe akaitikia. Ndipo Shangazi Wande akainuka, akambebea Kalunde begi lake, wakaondoka wote wawili bila kuaga. Kalunde anaishi kwake hadi leo. Mbuzi aliliwa. Mihayo bado ana duka lake karibu na stendi, na bado anainama akisalimia. Leokadia huja harusini, hucheza, hula, lakini wenzake wakianza vigelegele yeye hufumba mdomo. Na yule mama mnene wa Mwanza, aliyesema mwanamume asiaibishwe, nadhani hata hakumbuki siku ile.

Ile kauli ikatoka barazani kwa miguu yake yenyewe. Akina mama wakaisema sokoni, mafundi wakaisema gereji kila mtu aliposhawishiwa kununua gari bovu, na sasa mnaisikia kama methali ya mababu.

Nanyi leo mmekuja kwangu mkicheka, mnataka kumpeleka mwenzenu Prisila Arusha likizo hii, na huko mchumba apige goti mbele ya watu, na yeye hajui. Mnaniomba niwafundishe kupiga kigelegele kirefu. Nitawafundisha. Lakini kwanza nijibuni: mmekaa naye jikoni? Mmerudisha mlango mkamuuliza kuni zikoje?

Mbona umeinamisha kichwa, Sabina? Umesema nini? Sema kwa sauti, mimi ni mzee.

Aha. Alikuambia bado hajamwelewa huyo kijana, mkadhani anaona haya.

Basi sina la kuongeza. Aende kwake sasa hivi mmoja wenu tu, bila simu, akamuulize. Prisila akisema kuni mbichi, kunyweni maji mwondoke. Maana Arusha mtaimba, mtalia, mtapiga picha, kisha kila mtu atarudi kwao na kufunga mlango wake, na Prisila naye atafungiwa wake. Mpiga kigelegele halali ndani.